Mnyororo Usiolia

Siku ya nne ya sindano, mnyororo wa baiskeli ya Njagi ulianza kulia. Haukulia kwa adabu, kwii moja hapa na nyingine kule. Ulilia kutoka kwa mama mkwe wake mpaka zahanati, kilomita tisa za matope, hata watu waliokuwa wakipalilia kahawa chini ya barabara walinyoosha migongo na kuulizana ni nguruwe wa nani anayepelekwa kuchinjwa. Njagi aliona aibu isiyo na kifani. Kama angekuwa peke yake angewajibu na kucheka nao. Lakini nyuma yake, juu ya keria, alikuwa amempakia Ciakuthii, mama mzazi wa mkewe, na hakuna mwanamume wa Embu anayefurahia kupita mbele ya watu na mama mkwe wake huku kitu kikipiga kelele chini yao.

Mwaka ulikuwa themanini na tano. Ile njaa ya mahindi ya njano ilikuwa imepita, na mvua waliyonyimwa watu mwaka mzima ikarudi yote kwa pamoja, kana kwamba kuna mtu aliyeilalamikia mno. Barabara ya kupanda kuelekea Karurumo ikawa uji mwekundu. Katikati ya uji huo Ciakuthii akapatikana na kifua kikuu. Hospitali kubwa ilikuwa imejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, basi wakamwambia arudi nyumbani na achomwe sindano kila siku kwenye zahanati ya karibu. Siku sitini bila kuruka hata moja. Akiruka, walimwambia, ugonjwa utaizoea dawa, na dawa nyingine hatuna.

Mwanawe wa kiume alikuwa akifanya kazi Mombasa, na kutoka huko alituma salamu. Wamuyu, bintiye, mke wa Njagi, alikuwa na mimba ya miezi saba. Ikabaki baiskeli, na baiskeli haiendi bila mwenyewe.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna kitu kinachoitwa nthoni. Watu wanaotafsiri mambo haraka husema ni aibu, lakini wanalipunja neno hilo nusu yake, maana heshima pia imo humo ndani. Hawagusani. Hawali pamoja. Hatamki jina la mkwewe, wala mkwe hatamki lake. Wakikutana njiani, kila mmoja hutazama upande wake. Pasta aliwaambia hayo ni mambo ya zamani, mpandishe mama, Njagi, Mungu haangalii keria. Ilikuwa rahisi kwa pasta kusema hivyo. Mama mkwe wake mwenyewe alikuwa amekufa kitambo.

Ciakuthii ndiye aliyepata njia. Alikaa juu ya keria akitazama nyuma, mgongo wake ukielekea mgongo wa Njagi, gunia lililokunjwa katikati yao, mikono yake miwili imeshika vyuma vya keria. Akikohoa, kikohozi kinabaki barabarani. Akitaka kusimama anagonga madigadi kwa kijiti mara mbili, ko-ko, na Njagi anasimama. Mahali alipokuwa akigonga kila siku ni nyumbani kwa Ndwiga, chini ya kilima cha mwisho kabla ya zahanati. Hapo alishuka, akapanda kwa miguu polepole, na Njagi akasukuma baiskeli mbele bila kugeuka. Kule juu alipanda tena mpaka zahanati, mwendo wa dakika mbili. Wakifika, Njagi alishika usukani, akatazama ua wa zahanati, akasubiri mpaka asikie miguu yake chini. Miaka kumi alikuwa mkwe wa mama huyu, na kama ungemuuliza ana sura gani asingeweza kukuambia.

Basi mnyororo ukalia, na Njagi akaupeleka kwa Kathuri, fundi wa baiskeli pale sokoni Karurumo, mtu ambaye hakuwahi kuulizwa swali akakosa jibu.

"Weka oili chafu," Kathuri alisema. "Ile inamwagwa kutoka kwa lori. Hiyo mafuta ingine yote ni ya kudanganya watu ya mjini."

Akampa kopo lake. Oili ilikuwa nyeusi, nzito, na Njagi akaimimina bila ubahili. Siku ya kwanza mnyororo ulinyamaza, naye akamsifu Kathuri. Siku ya pili alisikia kitu kikisaga. Siku ya tatu aliinama akakuta matope yameshikana na oili yakawa gundi, mchanga umejaa katika kila kiungo, na meno ya sproketi yameanza kuchongoka. Akamrudia Kathuri. Kathuri akasema ni kwa sababu aliweka kidogo, aongeze. Akaongeza.

Siku ya kumi na mbili mnyororo ulikwama kabisa. Uliruka ukajibana kati ya sproketi na fremu, katikati ya mvua, nusu ya safari. Njagi alipiga magoti kwenye matope akauvuta kwa vidole na kwa fimbo, huku mama mkwe akisimama hatua ishirini mbele, amempa mgongo, akikohoa ndani ya leso. Saa nzima ilipita. Walipofika zahanati mlango ulikuwa na kufuli. Njagi alimfuata Mbaka, yule mhudumu ambaye watu wote walimwita daktari, mpaka nyumbani kwake, akamkuta amevua viatu, akamwomba kama mtu anayeomba maji ya mtoto. Mbaka alitoka akanung'unika, lakini akaenda akamchoma. Usiku ule Njagi alimwambia mkewe, "Wamuyu, mama yako hatauawa na ugonjwa. Atauawa na mnyororo."

Tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine. Alijaribu mafuta ya taa yaliyoyeyushiwa mshumaa. Yalikuwa safi, matope hayakushika, lakini wakivuka kijito mara moja maji yaliyaosha yote, na kesho yake nguruwe akaanza kulia tena. Alijaribu grisi, nayo ikawa oili chafu yenye kiburi. Alijaribu mafuta ya kupikia ya kopo, na mbwa wa jirani akaulamba mnyororo mpaka ukang'aa kuliko ulipotoka dukani. Watu walimcheka. Naye alicheka, lakini jioni alikaa mbele ya ile baiskeli akiitazama kama mtu anayemtazama mdai wake.

Siku ya kumi na tisa, wakiteremka kuelekea kijito, sauti ilitoka nyuma yake.

"Wewe baiskeli."

Nusura waanguke wote wawili. Kwa siku kumi na nane hakuwa amesikia kutoka kwa mama huyo kitu kingine ila kikohozi na ko-ko.

"Wewe baiskeli," Ciakuthii alisema tena, taratibu, akiiambia barabara waliyotoka. "Mwambie mwenyewe kwamba kwetu, kule chini Siakago, baba yangu alikuwa mtu wa mizinga. Kamba zake za ngozi zilipanda miti kwa mvua na kwa jua na hazikuwahi kukatika. Alizipaka nta iliyopikwa na mafuta ya mbarika. Nta peke yake hukauka ikapasuka. Mbarika peke yake huondoka na maji. Ukizipika pamoja zinashikana, matope yanakaa juu, hayaingii."

Njagi alikanyaga pedali mara kadhaa akitafuta adabu ya kujibu. Mwishowe akaipata palepale.

"Baiskeli," alisema, "mwambie mama kwamba nta hatuna."

"Iko kwangu kwa kibuyu," Ciakuthii aliijibu baiskeli. "Na mbarika iko kando ya shamba, inakula mbolea ya bure."

Alizipika mwenyewe, akamtuma Wamuyu na kopo. Ya kwanza ilikuwa na nta nyingi mno, mnyororo ukawa mgumu kama ufito. Ya pili ilikuwa nyepesi, ikachuruzika. Kila asubuhi baiskeli ilipewa ripoti na kila asubuhi ilitumwa majibu. Mwambie mama imekaza. Mwambie mwenyewe apunguze nta kidole kimoja. Mwambie mama viungo vya ndani havipati. Mwambie mwenyewe asiipake kwa juu kama mtu anayepaka mkate siagi, autoe mnyororo wote, auoshe, aukaushe kando ya moto, autumbukize ukiwa bado na joto, kisha afute nje mpaka kitambaa kisichafuke, maana kazi ya mafuta iko ndani.

Njagi alifanya hivyo. Alijifunza kukitoa kile kiungo kidogo cha kufungia mnyororo kwa ncha ya msumari bila kutazama. Na siku ya ishirini na sita baiskeli ilinyamaza. Ilipita kwenye uji mwekundu, ikavuka kijito, ikapita kwenye uji tena, na hakukusikika kitu ila matairi yakinyonya matope. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu watu wa kahawa waliacha kuinua vichwa.

"Baiskeli imekuwa bubu," Ciakuthii alisema.

"Baiskeli inashukuru," Njagi alijibu.

Walizungumza hivyo kila siku, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, na hakuna hata mara moja walipozungumza juu ya jambo lingine. Ugonjwa hawakuutaja. Wamuyu hawakumtaja, wala mimba, wala mwana wa Mombasa. Mafuta ya mnyororo hayana nthoni, unaweza kuyazungumza na mtu yeyote. Lakini Njagi alijua wanachozungumza. Alimpenda yule mama. Alimpenda kwa namna ambayo hakuwa na jina lake, na aliamka asubuhi akitaka kusikia baiskeli ikiitwa. Kathuri aliposikia habari ya nta alicheka mbele ya wateja wake, akasema mnyororo si mzinga, siku moja hiyo nta itaganda, nao mnyororo ukatike kama uzi.  Njagi alipita mbele ya kibanda chake polepole ili Kathuri asikie kimya.

Na mama alikuwa akipona. Alianza sindano akiwa na kilo thelathini na nne. Siku ya arobaini mizani ya Mbaka ilionyesha thelathini na tisa. Kikohozi kilipungua kikawa cha asubuhi tu. Njagi aliziona hizo kilo kwenye magoti yake, na kila moja ilimfurahisha.

Lakini dawa iliyomponya ilikuwa na jambo lake. Baada ya siku arobaini hivi Ciakuthii alianza kupepesuka. Akisimama ilimbidi ashike ukuta. Masikio yalimlia. Hayo hakuyaambia baiskeli. Alimwambia bintiye, na Wamuyu akamwambia mumewe wakati akifunga gunia kwenye keria.

"Baba Karambu," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mama anasema ardhi inazunguka. Daktari amesema ni zile sindano, zikiisha itaisha. Lakini pale kilimani usithubutu kumpandisha. Anatazama nyuma, na baiskeli ikiinuka hana kitu cha kumzuia. Akigonga, simama."

"Kwani nimewahi kutosimama?"

"Nakuambia tu."

"Nimesikia," Njagi alisema.

Siku ya hamsini na moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Njagi alikuwa ameupika mnyororo jana yake kwa kopo jipya, na Ciakuthii alikuwa amegundua jambo: alichuja mbarika mara mbili kwa kitambaa. Mafuta yale yalikuwa na rangi ya asali. Walipoondoka tu Njagi alijua kwamba hapo awali walikuwa wakicheza. Baiskeli ilikwenda kama inayovutwa. Walivuka kijito bila kukanyaga chini. Pale ambapo siku nyingine alishuka akasukuma, leo alikaa juu ya kiti, na magurudumu yakazunguka matope yakiruka pande zote.

"Baiskeli," aliita, pumzi zikimpaa, "mwambie mama leo amepatia!"

"Mwambie mwenyewe mama alijua," Ciakuthii alisema. Katika sauti yake mlikuwa na kicheko, na Njagi hakuwahi kukisikia kicheko hicho kabla.

Huenda ni kicheko hicho. Njagi baadaye alijiuliza sana, na kila mara alirudi hapo. Walifika kwa Ndwiga, kilima kikainuka mbele yao, na nyuma yake akasikia ko-ko.

Alisikia. Hakuna mvua iliyoziba masikio yake, hakuna tairi lililopiga kelele, na mnyororo, kama tujuavyo, ulikuwa bubu. Ko-ko, mara mbili, dhahiri. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu, tayari kushuka, na miguu yote miwili ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Akawaza: amegonga kwa mazoea tu. Akawaza: tukifika juu bila kushuka atajua mafuta yake yamefanya nini, na ataliambia soko zima. Akaukanyaga mguu ule kwa nguvu zake zote, akasimama juu ya pedali, baiskeli ikashika kilima.

Ilipanda. Mungu ni shahidi, ilipanda. Katikati ya kilima, mahali palipo wima kuliko pote, magoti yakimwaka, alisikia kijiti kikigonga tena. Ko, mara moja. Alisubiri ya pili. Haikuja. Mara moja si ishara ya kitu chochote, alijiambia, na akaendelea.

Baada ya hapo kilima kikawa chepesi. Njagi alilihisi hilo waziwazi. Pedali ambazo zilikuwa zikimkatalia zikaanza kumtii, gurudumu likapata uhai, na akapanda sehemu ya mwisho karibu kwa kasi. Sasa mafuta yamepata joto, alifikiri. Sasa yameingia. Kilo thelathini na tisa nyuma yangu na hata sizihisi! Alifika juu akicheka peke yake mvuani kama mwendawazimu, akakata kona, akaingia zahanati.

Akashuka kwa mbele, mguu ukipita juu ya bomba la fremu kama alivyozoea ili asimguse. Akashika usukani kwa mikono miwili. Akatazama ua. Akasubiri.

Alisubiri kwa heshima kamili. Mvua ilimpiga usoni, matope yalimtiririka miguuni, na moyo wake ulikuwa umejaa. Alikuwa akitafuta maneno ya kuiambia baiskeli.

Mbaka alitoka ndani na kile kibakuli chake cha sindano, akasimama barazani.

"Leo umekuja peke yako?"

"Anashuka," Njagi alisema, bado akitazama ua.

"Nani anashuka?"

Njagi aligeuka. Gunia lilikuwa pale, limelowa, limekunjwa vizuri.

Aliteremka kilima mbio, na kwa sababu mikono ilikuwa imesahau kuachia, aliteremka na baiskeli ubavuni, ikimgonga mguu kila hatua. Mbaka alirudi ndani kutafuta mwavuli na mtu wa kumsaidia. Njagi alimkuta Ciakuthii palepale alipotarajia kumkuta tangu alipogeuka, mahali palipo wima kuliko pote, pale ambapo kijiti kiligonga mara moja. Alikuwa ameangukia mbele, kwa kichwa, juu ya mawe yaliyotandazwa ili lori za kahawa zisikwame. Shingo yake ilikuwa imelala vibaya. Njagi alipiga magoti akamgeuza. Akamgusa. Kwa mkono wake alimfuta matope mdomoni, puani, machoni, akamwita maitu, mama, maitu, wala hakukuwa na baiskeli yoyote katikati ya maneno hayo, na Ciakuthii hakujibu.

Akamtazama usoni. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, la zamani sana. Alikuwa akifanana na Wamuyu kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kumwambia, na angeambiwa na nani?

Alilia. Kisha, katikati ya kulia, alisikia sauti ya Mbaka kule juu ikimwita mtu amletee blanketi, akaacha kulia. Wataniuliza. Wamuyu ataniuliza. Hataniuliza kwa ukali, ataniuliza kwa sauti ndogo, aligonga? Naye Njagi alijua kwamba kila kitu kingine angeweza kukisema. Kuanguka angekusema, na kutogeuka pia, maana nthoni ingemtetea mbele ya wazee wote wa Embu. Lakini ko-ko asingeweza. Hakuna mlima wa aibu ambao angeupanda na neno hilo mgongoni.

Msumari ulikuwa mfukoni. Aliinama juu ya baiskeli, akatafuta kile kiungo cha kufungia mnyororo, akakichokoa bila kutazama. Kilitoka kwa urahisi kabisa, kwa kuwa kilikuwa na mafuta mazuri. Akakitupa mtaroni, kwenye maji mekundu. Mnyororo ukaning'inia, ukaanguka kwenye matope bila sauti.

"Ulikatika," alimwambia Mbaka alipofika. "Mnyororo ulikatika hapa. Baiskeli ikarudi nyuma. Mimi nikashuka nikasukuma, nikajua na yeye ameshuka ananifuata, kama siku zote."

Mbaka alimfunika mama blanketi. Aliutazama mnyororo, akamtazama Njagi, akatikisa kichwa.

"Pole," alisema. "Pole sana. Ilikuwa imebaki sindano kumi."

Walimzika siku ya tatu. Mwana wa Mombasa alifika amechelewa, akalia kuliko wote. Watu walijaa, na kama ilivyo desturi ya watu waliojaa, walihitaji sababu. Kathuri alikuwa nayo. Alisimama karibu na sufuria za chai akaeleza kwa utaratibu, mkono mmoja ukionyesha mnyororo usiokuwepo. Nta, alisema, ikipata baridi ya mvua inakaza. Ikikaza kiungo kinakataa kukunja. Kikikataa kukunja na uko kwa mlima, lazima kitoke. Yeye alisema. Yeye alisema mbele ya mashahidi, weka oili ya lori. Watu walisikitika, wakageuza vikombe mikononi. Mtu mmoja aliuliza taratibu ni nani aliyeleta hayo mambo ya nta, na mwingine akamjibu, taratibu zaidi, kwamba ni marehemu mwenyewe.  Jambo hilo lilikuwa zito mno, na wengi wao hawakulitaja tena mbele ya familia.

Njagi alikuwa amekaa kwenye benchi na wanaume. Alisikia kila neno. Aliufungua mdomo mara moja, Kathuri akamsogelea, akamwekea mkono begani, akamwambia asijilaumu, si makosa yake, na mdomo ukafunga.

Jioni watu walipopungua Wamuyu alimfuata nyuma ya ghala, alikokuwa amesimama peke yake. Tumbo lilikuwa limemlemea na macho yalikuwa yamevimba. Alisimama mbele yake. Njagi akajua limekuja. Alijitayarisha. Kama angeuliza, angemwambia, kwa kweli angemwambia, hata kama nyumba ingevunjika.

"Baba Karambu," Wamuyu alisema, "nimesikia wanayosema. Nilimbebea yale makopo mimi mwenyewe, na sikujua."

Njagi alitazama ukuta wa ghala.

"Alitaka kukusaidia. Alikuwa akikusifu kila jioni, anasema mkwe wangu ndiye aliyenirudishia uhai. Hakujua kama anakuharibia mnyororo." Akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Msamehe mama. Naomba umsamehe, asilale na deni lako."

Mvua ilikuwa imeanza tena, ile ndogo ya jioni. Njagi alimtazama mkewe usoni, akaona nyusi, akaona mdomo.

"Nimemsamehe," alisema.